NEMA imekuamuru uondoe taka za uchimbaji? Namna ya kupinga amri hiyo, hatua kwa hatua

Wengi wanaopokea amri ya kurejesha mazingira kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira hapa Kenya, hushindwa kwa njia ileile. Wanaandika barua ya kulalamika, wanapigiwa simu na kuambiwa "tutaliangalia", wanasubiri, na siku za kukata rufaa zinawaishia mikononi. Wengine huita tipa usiku, wakahamisha tope (majimaji mazito ya kuchimbia yaliyobaki shimoni) hadi bondeni kwa jirani, na kesi waliyoweza kushinda ikageuka kuwa ya jinai.

Mwongozo huu ni wa mwenye mtambo wa kuchimba, kampuni iliyomwajiri, au mwenye shamba aliyeachiwa shimo la tope nyuma ya nyumba. Unahusu visima vya maji, vya mafuta kama vile vya Lokichar, na vya mvuke kama vile vya Olkaria. Taka zinatofautiana, ila njia ya kupinga amri ni moja.

Jambo moja ulishike kabla ya yote. Ni nadra kushinda kwa kusema "hakuna taka hapa" wakati shimo linaonekana na kila mpita njia. Wanaofaulu hupinga sehemu ya amri: nani awajibike, ni kiasi gani kiondolewe, kwa njia gani, na kwa muda gani. Tofauti kati ya kusomba shimo zima kwa malori na kulitibu papo hapo inaweza kuwa mamilioni ya shilingi, na hiyo ndiyo sehemu yenye nafasi kubwa ya kubadilishwa.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Amri yenyewe, pamoja na bahasha au barua pepe iliyoileta.
- Leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira (EIA) na masharti yake yote. Kwa kisima cha maji, ongeza kibali cha kuchimba.
- Mkataba kati ya mwenye ardhi, mwenye kisima na mchimbaji.
- Daftari la kila siku la mtambo, linaloonyesha kina, siku na dawa zilizotiwa kwenye tope.
- Stakabadhi na karatasi za usalama za dawa hizo: bentonaiti, baraiti, kloridi ya potasiamu, magadi makali, povu, dizeli kama ilitumika.
- Picha za eneo kabla ya kuchimba, ukiwa nazo. Chifu au shule ya karibu huenda wanazo.
- Simu yenye GPS, futi ya kupimia, koleo, chupa za kioo zenye vifuniko, kisanduku cha barafu.
- Mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa na NEMA, na maabara yenye ithibati ya KENAS, shirika la ithibati la Kenya, kwa vipimo unavyovihitaji.
- Wakili. Unaweza kuanza bila yeye, lakini mtafute kabla ya kufika hatua ya 8.

## 1. Andika tarehe uliyopokea amri, kisha hesabu siku

Kwenye nakala ya amri andika siku na saa uliyoipokea, nani aliileta, na nani aliipokea. Kisha weka tarehe tatu ukutani.

Ya kwanza ni siku ya 21. Kifungu cha 110 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 (EMCA) kinakupa siku 21 za kuiomba NEMA, kwa maandishi na kwa sababu, iifikirie upya amri yake.

Ya pili ni siku ya 60. Kifungu cha 129 kinakupa siku 60 za kukata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira (NET).

Ya tatu ni siku ambayo amri yenyewe imekutaka uwe umemaliza kazi. Kwa kawaida haizidi siku 30, isipokuwa amri iwe imetaja muda mrefu zaidi. Hapo ndipo wengi hunaswa: muda wa kutii huisha kabla ya muda wa rufaa.

Onyo: usidhani kuomba ifikiriwe upya kunasimamisha zile siku 60. Piga hesabu. Ukipeleka ombi siku ya 21, na NEMA ikatumia siku 30 inazopewa na sheria kujibu, utakuwa siku ya 51. Utabaki na siku 9 za kutafuta wakili, kuandika rufaa, kulipa na kuiwasilisha. Jopo limekataa rufaa zilizochelewa kwa msimamo kwamba halina mamlaka ya kuongeza muda wa siku 60 kwa rufaa za aina hii. Kwa hiyo chukulia siku ya 50 kuwa ndiyo ya mwisho.

Utajua umefaulu: mtu yeyote ofisini kwako akiulizwa, anataja tarehe hizo tatu bila kubabaika.

## 2. Isome amri kipengele kwa kipengele

Kifungu cha 109 kinaitaka amri ieleze wazi, kwa namna inayoeleweka kwa urahisi: shughuli inayohusika, anayeamriwa, siku inapoanza kufanya kazi, kitendo kinachotakiwa na muda wake, uwezo wa NEMA kuingia kwenye ardhi na kuifanya kazi hiyo yenyewe, adhabu ya kukaidi, na haki yako ya kukata rufaa.

Chukua karatasi, igawe safu mbili. Kushoto andika kila kipengele, kulia andika maneno halisi ya amri. Utaona mapengo. Amri inaweza kusema "ondoa taka zote za uchimbaji katika eneo" bila kutaja ni shimo lipi, kiasi gani, zipelekwe wapi, wala kiwango gani cha usafi kitahesabika kuwa eneo limerejeshwa. Pengo la aina hiyo ni hoja nzuri, kwa sababu hakuna awezaye kutii agizo lisilo na kipimo cha kumaliza.

Ila usitegemee mapengo peke yake. Jopo likiona kosa la uandishi huku tope linavuja kuelekea lagani, yaani kwenye mto wa msimu, linaweza kuirekebisha amri badala ya kuifuta. Sheria inaliruhusu kuithibitisha, kuibatilisha au kuibadilisha.

## 3. Liache shimo lilivyo, lakini zuia madhara

Shimo hilo ndilo ushahidi wako mkuu. Ukilifukia au kulichanganya, hutaweza tena kuthibitisha lilikuwa na nini, na utaonekana umeficha.

Hata hivyo, kuzuia madhara yasiongezeke ni wajibu wako, na kutakusaidia mbele ya Jopo. Zungushia uzio mbuzi na watoto wasiingie. Chimba mfereji upande wa juu ili maji ya mvua yapite kando. Inua kingo za shimo kama mvua zimekaribia. Weka bango la onyo kwa lugha ya wenyeji. Piga picha za kila kitu kabla na baada.

Onyo: usihamishe hata tipa moja kwa sasa. Kifungu cha 87 kinakataza kusafirisha taka bila leseni, na taka zikiondoka lazima ziambatane na karatasi ya kufuatilia mzigo tangu zinapotoka hadi zinapopokelewa mahali penye leseni. Dereva wa mchanga hana leseni hiyo, hata kama bei yake inavutia.

## 4. Chukua sampuli kabla ya mtu yeyote kubishana

Hatua hii ndiyo inayoamua kesi nyingi, kwa hiyo ifanye polepole.

Mwalike mkaguzi wa NEMA kwa barua, ukitaja siku na saa. Akija, kila sampuli igawanywe mara mbili, moja yake, moja yako. Asipokuja, barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa inaonyesha kwamba hukujificha.

Pima shimo. Tuseme lina urefu wa mita 20, upana mita 10, na tope la kina cha mita 1.5: hizo ni mita za ujazo 300. Kwa tipa la mita 10, ni safari 30. Amri ikisema "zote" na mkandarasi akakusudia kukwangua pia mita moja ya udongo ulio chini, unaongeza mita za ujazo 200 na safari 20. Sasa gharama ina sura, na una namba ya kuishindania.

Chimba chini ya gamba. Tope lililokaa jua la Turkana hupasuka juu na kuonekana kavu kabisa. Lifunue kwa koleo: chini yake utakuta ute wa kijivu ungali unyevu, na kama dizeli ilitumika, harufu itakupokea kabla hujaona rangi. Sampuli ya juu peke yake huonyesha mafuta machache kuliko yaliyopo, kwa kuwa sehemu nyepesi zimeshapaa hewani. Chukua juu, katikati, chini, na chini ya turubai la plastiki lililotandikwa, hasa palipochanika. Sampuli za chini ya turubai ndizo zitakazosema kama kuna kilichovuja.

Chukua pia udongo safi wa eneo hilo, upande wa juu wa mteremko, mbali na shimo, wenye aina ileile ya ardhi. Hili husahaulika mno, na ndilo linalookoa. Bonde la Ufa lina floraidi nyingi kiasili, na sehemu zake nyingi zina udongo wa chumvi na magadi. Usipoonyesha hali ya asili, kila kilichomo ardhini utahesabiwa wewe.

Vifaa na usafirishaji. Za kupima mafuta ziweke kwenye chupa za kioo zilizojaa hadi mdomoni, zikae kwenye barafu karibu nyuzi 4 za Selsiasi, zifike maabara upesi. Za kupima metali zinaweza kukaa kwenye plastiki safi. Kila chupa iwe na namba, kina, alama ya GPS na saa. Kila anayeipokea atie sahihi kwenye karatasi ya makabidhiano. Chupa isiyo na karatasi hiyo itakataliwa na wakili wa upande wa pili kwa swali moja tu.

Vipimo vya kuomba: jumla ya mafuta ya petroli, metali nzito, kloridi, uwezo wa kupitisha umeme, pH, na kipimo cha kile kinachochujika na maji. Kwa visima vya mvuke ongeza aseniki na boroni. Kwa visima vya mafuta uliza pia kuhusu mionzi ya asili.

Kipimo cha kuchujika kinahitaji maelezo zaidi. Baraiti, inayotiwa kwenye tope ili liwe zito, ni salfeti ya bariamu. Ukipima jumla ya bariamu utapata namba ya kutisha. Lakini salfeti hiyo karibu haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo kiasi kinachoweza kufika kisimani kwa jirani huwa kidogo sana. Ripoti ya ukaguzi ikitaja jumla peke yake, omba kipimo cha kuchujika kiwekwe kando yake.

Upande wa pili wa ukweli huu nao usemwe. Kloridi huyeyuka, husafiri na maji, na huua mimea. Tope la kloridi ya potasiamu likiachwa kwenye shamba, mwenye shamba ndiye ataumia misimu mingi. Matokeo yakionyesha chumvi nyingi chini ya turubai, usipinge kuondoa; pinga njia na muda tu.

Utajua umefaulu: una jedwali la ukurasa mmoja lenye safu ya tope, safu ya udongo wa chini, safu ya udongo safi na safu ya kiwango kinachotumika, pamoja na cheti cha maabara.

## 5. Omba ripoti ya ukaguzi

Andikia NEMA ukitaka ripoti ya ukaguzi, picha, na matokeo ya maabara waliyotegemea. Taja Kifungu cha 47 cha Katiba, Sheria ya Hatua za Haki za Utawala ya 2015, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016.

Peleka barua hii wiki ya kwanza, kwa sababu ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu, sawasawa na siku zako za kuomba amri ifikiriwe upya. Majibu yasipokuja, endelea mbele na useme kwenye ombi lako kwamba uliomba hukupewa.

## 6. Amua unapinga nini hasa

Chagua hoja mbili au tatu. Zaidi ya hapo unapunguza uzito wa zile zenye nguvu.

Nani awajibike. Amri inaweza kupewa mtu yeyote, kwa hiyo "sikuchimba mimi" pekee haitoshi. Mwenye shamba aonyeshe mkataba unaomtaka mchimbaji asafishe, daftari la mtambo, na ushahidi kwamba hakuwa na usimamizi wa kazi. Kisha aombe waziwazi amri ielekezwe kwa mchimbaji na mwenye leseni ya EIA. Kanuni ya mchafuzi kulipa imo ndani ya sheria yenyewe, katika kifungu cha 3.

Kiasi. Vipimo vyako na matokeo ya chini ya turubai vinaonyesha mahali uchafu unapokoma.

Njia. Hapa ndipo penye ushindi mwingi. Tope la maji lisilo na mafuta, lenye metali chache zinazochujika na chumvi ndogo, linaweza kukaushwa, kuchanganywa na udongo na kufunikwa kwa udongo wa juu uliohifadhiwa. Tope lililochimbiwa kwa mafuta ni jambo jingine kabisa: liende kwenye kituo chenye leseni, au litibiwe kwa joto au kwa vijidudu vinavyomeng'enya mafuta, chini ya usimamizi. Na ukipendekeza vijidudu sehemu kavu kama Turkana, eleza maji ya kuvilisha yatatoka wapi bila kuwanyang'anya mifugo.

Muda. Malori yenye leseni ni machache na barabara za murramu hukatika msimu wa mvua. Toa ratiba yenye tarehe, usiombe tu "muda zaidi".

Haki ya kusikizwa. Kumbuka kwamba sheria haimlazimu mkaguzi akusikilize wakati wa kukagua. Lakini unapoomba amri ifikiriwe upya, una haki ya kusikizwa kwa mdomo kabla ya uamuzi. Itumie.

Pamoja na hoja zako, andika mpango mbadala: utafanya nini, lini, kwa gharama ipi, nani atapima mwishoni, na kwa kiwango gani. Mimi naamini kwa dhati kwamba ukurasa huu mmoja una nguvu kuliko kurasa nyingi za malalamiko. Unampa afisa kitu anachoweza kukitia sahihi, na unawapa majirani hakikisho kwamba ardhi yao haitasahauliwa.

## 7. Peleka ombi la kufikiriwa upya kabla ya siku ya 21

Mwandikie Mkurugenzi Mkuu wa NEMA, nakala kwa ofisi ya kaunti iliyotoa amri. Barua iwe fupi:

*"Naomba, chini ya kifungu cha 110 cha EMCA, amri namba … niliyopokea tarehe … ifikiriwe upya. Sababu ni hizi … Naambatanisha matokeo ya maabara na mpango wa urejeshaji. Naomba kusikizwa kwa mdomo. Naomba pia utekelezaji wa kipengele cha … usimamishwe hadi uamuzi utolewe."*

Pata muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ukituma kwa barua pepe, peleka na ya mkono.

Onyo: hadi NEMA iseme vingine kwa maandishi, amri bado inafanya kazi. Tekeleza yale usiyoyapinga: uzio, mfereji, bango. Kukaidi amri ni kosa la jinai, na NEMA inaweza kuingia, kufanya kazi na kukudai gharama.

Utajua umefaulu: unapata barua ya kuthibitisha, kubadilisha, kusimamisha au kufuta amri. Hata "kubadilisha" ni ushindi, usiudharau.

## 8. Kata rufaa katika Jopo

Usianzie Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Katika kesi ya Kibos Distillers ya 2020, Mahakama ya Rufaa ilisisitiza kwamba palipo na chombo kilichowekwa na sheria kusikiliza mgogoro, lazima uanzie huko. Walioruka Jopo wamepoteza miaka na ada, wakarudishwa mwanzo wakati siku 60 zimekwisha zamani.

Notisi ya rufaa iwe na jina na anwani yako, maelezo ya uamuzi unaoupinga na nakala yake, na sababu fupi zilizonyooka. Ambatanisha hati ya kiapo yako, ya mtaalamu wako, cheti cha maabara, karatasi za makabidhiano, picha na mpango mbadala. Lipa ada, hifadhi risiti, kisha ikabidhi NEMA nakala na uandike tarehe ya kuikabidhi. Ikiwa mchimbaji ndiye wa kuwajibika, omba aunganishwe kwenye rufaa.

Jopo halifungwi na masharti makali ya Sheria ya Ushahidi, kwa hiyo mzee wa kijiji anayejua maji hupita wapi mvua ikinyesha anaweza kusaidia sana. Mwandikie maelezo yake vizuri, kwa maneno yake.

## 9. Siku hiyohiyo, omba amri ya kusitisha

Zamani kukata rufaa kulisimamisha mambo yote papo hapo. Sheria ilirekebishwa, na sasa ni lazima uliombe Jopo liagize hali ibaki ilivyo. Bado kuna wanaokwenda nyumbani baada ya kulipa ada wakidhani wamekingwa, kisha wanashangaa kukuta mashine za kuchimba zimeingia shambani.

Peleka ombi la dharura pamoja na rufaa. Onyesha mambo matatu: rufaa yako ina hoja ya kweli, tope likishaondolewa rufaa haitakuwa na maana tena, na hakuna mtu wala mnyama atakayeumia wakati wa kusubiri. La tatu ndilo gumu, na hapo ndipo picha za uzio, mfereji na kingo zilizoinuliwa katika hatua ya 3 zinapofanya kazi yake. Jitolee kupima maji ya kisima cha jirani kila mwezi na kuyaleta matokeo mbele ya Jopo, kisha timiza ahadi hiyo.

Utajua umefaulu: una amri iliyotiwa sahihi na muhuri, na nakala yake iko mkononi mwa ofisi ya NEMA ya kaunti.

## 10. Kusikizwa, na baada ya uamuzi

Mtaalamu wako atahojiwa kuhusu sampuli: nani alichimba, kwa kina gani, kwa nini pale. Fanyeni mazoezi. Ajibu anachokijua na akubali palipo na uchafu. Shahidi anayekana kila kitu huaminika kidogo.

Jopo likikupa mpango wako mbadala, ufuate kwa tarehe zake, na mwishoni mwalike mkaguzi achukue sampuli za kufunga kazi. Omba barua ya NEMA inayosema eneo limerejeshwa, uihifadhi pamoja na hati ya ardhi, maana kutii hakufuti amri: kisheria inaendelea kuihusu shughuli ile hata baada ya kutekelezwa. Mtu akinunua shamba hilo au mchimbaji mwingine akija, barua hiyo ndiyo itakayoulizwa.

Ukishindwa, una siku 30 tangu uamuzi wa Jopo za kukata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, chini ya kifungu cha 130. Amri ya kusitisha uliyopewa na Jopo ilikuwa ya kulinda rufaa ile tu, kwa hiyo omba nyingine mahakamani siku unayowasilisha.